Pevu si Mbivu: Maneno Yetu Juu ya Mwana Anayekua

Kila mkulima wa migomba ajua ya kuwa ndizi pevu si ndizi mbivu. Pevu ni ile iliyojaa na kufikia unene wake, ambayo yaweza kukatwa mgombani. Mbivu ni ile iliyolainika na kupata utamu. Kati ya hizo mbili pana siku za kungoja. Nayo ndizi iliyokatwa kabla ya kupevuka, hata ikivundikwa namna gani, husinyaa wala haipati utamu wake. Kiswahili kimeitunza tofauti hii kwa uangalifu katika mambo ya shamba na soko. Lakini twaona ya kuwa watu wanenapo juu ya mtoto atokaye utotoni na kuingia ujanani, tofauti hiyo husahauliwa, na mtoto aliyeanza tu kupevuka huhesabiwa kuwa ameiva. Basi yafaa tuyapime maneno na mafundisho waliyotumia wazee wetu, pamoja na yale tuyatumiayo sisi, tuone yamesaidia nini na yameficha nini.

Tuanze na maneno. La kwanza ni kubalehe, ambalo wengine huliandika kubaleghe. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake lina maana ya kufika. Ni neno la sheria ya dini: mtoto akibalehe, sala na saumu zampasa, na matendo yake huwa juu yake mwenyewe. La pili ni kuvunja ungo, ambalo husemwa juu ya msichana peke yake, apatapo damu yake ya kwanza. Ungo ni chombo cha kupepetea nafaka, na tena maungo ni viungo vya mwili. Kila mtu huufasiri msemo huu kwa namna yake, nasi hatutagombana na mtu juu ya asili yake. Tulionalo ni kwamba maneno haya mawili hutaja jambo la siku moja. Aliyefika amefika, na kilichovunjika kimevunjika. Jana alikuwa mtoto, leo si mtoto tena.

Neno la tatu, kupevuka, lina tabia nyingine. Twaweza kusema, "Mtoto huyu anapevuka," tukasema hivyo mwaka huu na mwaka ujao, wala hapana asikiaye akastaajabu. Tena hakuna amwitaye mtoto wa miaka 13 mtu mpevu, hata awe mrefu kama mnazi. Jina hilo huwekewa mtu mzima ambaye akili yake imekomaa na maneno yake yana uzito. Kwa hiyo lugha yenyewe yatuambia ya kuwa kukua kwa mwanadamu kwahitaji muda, na ya kuwa mwili hutangulia, akili ikafuata nyuma. Kama tungalilisikiliza neno hili vema, twaamini ya kuwa makosa mengi yasingalitendeka.

Sasa tuulize mwili wenyewe wasema nini. Elimu ya tiba yaonyesha ya kuwa mambo haya huanzia kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi iliyo chini yake, ndogo kama punje ya njegere, nayo tezi hiyo hupeleka homoni zake kwa njia ya damu hata kwenye ovari za msichana na makende ya mvulana. Hapo hutolewa homoni nyingine, estrojeni na testosteroni, zigeuzazo mwili wote. Kwa wasichana walio wengi kazi hii huanza kati ya miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14. Kwa kawaida ishara ya kwanza ya msichana ni matiti kuchomoza. Damu ya kwanza huja yapata miaka 2 au zaidi baadaye, wakati ule wa kurefuka kwa haraka ukiwa umekwisha kupita kilele chake. Kwa mvulana huanza makende kukua. Ndipo zifuatapo nywele, kimo, na sauti kuwa nzito, na ndevu huja mwishoni. Mwaka 1969 na mwaka 1970 wataalamu wawili wa Uingereza, Marshall na Tanner, walitoa habari za watoto waliopimwa mwaka hata mwaka, wakayagawanya mabadiliko haya katika hatua 5. Hatua 5, wala si siku moja.

Hapa ndipo msemo wa kuvunja ungo utukoseshapo. Hutaja jambo lijalo karibu na mwisho wa safari ya mwili, kana kwamba ndilo mwanzo, na tena kana kwamba ndilo mwisho. Msichana amekwisha kubadilika kwa muda wa miaka miwili, matiti yakimwuma, jasho lake likibadili harufu, nguo zake zikimbana, wala hapana aliyempa neno la kuyataja hayo. Kisha yaja damu, na mara wote wanena. Tena baada ya damu ile ya kwanza, mwezi wake huenda bila mpango kwa mwaka mmoja au miwili, na mifupa ya nyonga yaendelea kupanuka. Yeye asemaye ya kuwa msichana aliyevunja ungo yu tayari kuzaa, asema juu ya nyonga ambazo hazijamaliza kukua. Shirika la Afya Ulimwenguni limehesabu matatizo ya mimba na uzazi kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wasichana wa miaka 15 hata 19 ulimwenguni. Na wako waliopona kifo wakabaki na fistula, baada ya kushikwa na uchungu siku mbili au tatu kwa kuwa njia ya mtoto ilikuwa nyembamba. Kuvundika ndizi kabla ya wakati wake ni hasara ya shamba. Hasara hii nyingine haina kipimo.

Habari ya akili nayo ni hiyo hiyo. Sehemu za ubongo zihusuzo furaha, hofu na hasira huchangamka mapema katika miaka hii. Lakini sehemu ya mbele, ile ipimayo matokeo ya jambo na kuzuia haraka, huendelea kukomaa hata mtu akaribiapo miaka 25. Kijana ni kama ngalawa iliyotwekwa tanga kabla ya kutiwa usukani. Upepo ukivuma huenda mbio, na mwenyewe hujiona nahodha. Asiyelijua hili humpiga kijana kwa kosa la kuwa kijana.

Tukiisha kuyajua hayo, tutazame mafundisho yaliyoandikwa. Katika fasihi ya Kiswahili, maandishi yajulikanayo kuliko yote ya mzazi kumfunza binti yake ni utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858, na kuchapishwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934. Mama huyu alikuwa mgonjwa, akamwita binti yake na kumwachia wasia juu ya dini, adabu, ulimi wa kweli, usafi, na namna ya kukaa na mume. Utenzi huu una upendo mwingi, nasi twauheshimu. Lakini tukiusoma kwa jambo letu hili, twaona ya kuwa mama asema na mke, hasemi na mtoto anayekuwa mke. Mwili watajwa ili upambwe na kutiwa manukato; kubadilika kwake hakutajwi. Hofu ya binti, aibu yake, maswali yake, hayana mahali. Hatumlaumu Mwana Kupona, maana alikuwa mgonjwa na mwenye mambo mengi. Twawalaumu wale waliokuja baada yake wakadhani ya kuwa wasia ule watosha kwa kila msichana na kwa kila umri.

Kitabu cha pili ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten, ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Hapana atakaye kuijua Mrima ya zamani akaweza kukiacha kitabu hiki. Humo mna habari za jando na unyago: ngariba na kumbi, somo na mwari, ngoma na malipo. Mwandishi ana jicho kali na lugha safi. Hata hivyo habari zake, kwa sehemu kubwa, ni za yale watendayo wakubwa: nani huitwa, nani hulipwa, nani hucheza. Mtoto ambaye mambo yote yafanywa kwa ajili yake hasikiki akisema neno. Kosa hili si la Mtoro peke yake. Karibu wote walioandika juu ya desturi hizi, Waafrika kwa Wazungu, walihesabu ngoma wakasahau moyo wa mchezwa.

Tena tukizilinganisha desturi mbili hizi, twaona kasoro ambayo haijasemwa vya kutosha. Huko pwani wavulana wengi hutahiriwa wangali wadogo, kabla mwili haujaanza kugeuka. Kwa hiyo aliyefunzwa jandoni akiwa na miaka 8 au 9, aonapo miaka mitano baadaye sauti yake yakwaruza na kuota kwake usiku kwachafua shuka, hana wa kumwuliza, maana huhesabiwa ya kuwa amekwisha kufunzwa. Neno alipewalo ni janaba, yaani neno la kuoga. Lamwambia ajitakase, halimwelezi ya kuwa hana ugonjwa wala dhambi, na ya kuwa rafiki zake wote wameyapata hayo. Msichana naye hufunzwa kinyume cha hayo: somo humjia baada ya damu, wakati hofu imekwisha kufanya kazi yake. Wako wasichana walioona damu yao ya kwanza wakadhani ya kuwa wameumia ndani na watakufa, wakaificha mchana kutwa. Mmoja hufunzwa mapema mno na kusahauliwa. Mwingine hufunzwa kwa kuchelewa. Methali yasema samaki mkunje angali mbichi, lakini haimwamuru mtu amkunje mara moja na kwenda zake.

Misheni nazo zilikuwa na sehemu yao katika habari hii. Nyingi zilikataza jando na unyago pasipo kuweka kitu mahali pake, zikawaacha watoto bila mwalimu. Huko kusini ya Tanganyika, kati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde, Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, aliyekuwa askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hata mwaka 1944, alishika njia nyingine. Aliona ya kuwa desturi hizi zina kazi ya elimu, akaliandika hilo mwaka 1927, na katika jimbo lake jando liliendeshwa kwa sala na kwa mafundisho ya Kikristo. Kwetu sisi, alipata jambo kubwa: alitambua ya kuwa mtoto huhitaji mzee asiye baba yake wa kumwambia yale ambayo baba huona haya kuyasema. Lakini kazi yake ilikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza, unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake na siri zao, hata mapadre, kwa kuwa ni wanaume, hawakuweza kuutengeneza kama walivyotengeneza jando. Wa pili, hata jando lile lililotakaswa lilibaki kuwa jambo la majira moja. Kijana alitoka kambini na nguo mpya, watu wakamwita mtu mzima, na mwili wake ukaendelea na safari yake pasipo msindikizaji.

Nasi walimu wa leo tusijitenge na lawama. Shule zafundisha mabadiliko ya kubalehe katika somo la sayansi, na hilo ni jema sana. Mtoto aliyesoma mapema habari za hedhi haogopi kama yule asiyesoma. Lakini mara nyingi somo hilo ni orodha: nywele, sauti, chunusi, matiti, damu. Mwanafunzi huikariri, hujibu mtihani, hupata alama. Likifuatwa na neno lolote juu ya moyo, mara nyingi ni onyo. Kijana hufahamu kwa nini amepata chunusi, wala hafahamu kwa nini asubuhi alicheka, adhuhuri akalia, na jioni akataka kukaa peke yake. Hajui kwa nini jicho la mwenzake mmoja, katika darasa la watu arobaini, lamtetemesha.

Hapa lugha yetu yapasa ijihukumu. Kiswahili si maskini wa maneno ya moyo. Waulize watunzi wa mashairi. Lakini maneno tuwapayo vijana juu ya mioyo yao karibu yote ni ya mashtaka. Akinyamaza, tamwita mwenye kiburi. Akiuliza sababu, ni jeuri. Akijitenga, amenuna. Akijitazama katika kioo, ameanza umalaya. Na akisahau alilotumwa, ni kichwa maji. Jambo moja, yaani moyo unaojifunza kukaa katika mwili mpya, limepewa majina matano ya ubaya, wala halina hata moja la huruma. Kijana asikiaye majina hayo kila siku mwisho huyaamini, akawa vile aitwavyo. Tuna neno soni, tuna haya, tuna wasiwasi, tuna hamu na upweke. Maneno haya hayamshitaki mtu. Hutaja tu alichonacho. Mama amwambiaye binti yake, "Naona leo una soni, mwanangu, hata mimi nilikuwa hivyo," amemfunza zaidi ya aliyemwimbia usiku kucha.

Mtu asije akadhani ya kuwa haya ni mambo ya kamusi tu. Neno huzaa desturi, na desturi huzaa sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, hali mvulana alipaswa kufikia miaka 18. Mwaka 2016, katika kesi iliyoletwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua ya kuwa vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Majaji hawakusema habari za ndizi, lakini jambo walilolipima ndilo hili letu: je, mwili uliofika ni mtu aliyeiva? Katika nyumba nyingi swali hilo hujibiwa pasipo jaji, kwa msemo mmoja tu. "Amekwisha kuvunja ungo" hutamkwa na baba, na kitabu cha shule hufungwa.

Wako watakaotujibu ya kuwa dini ndizo zilizoweka mpaka huu. Twawaomba wasome tena. Sheria ya Kiislamu yatofautisha kubalehe na rushdi, yaani busara ya kusimamia mali. Yatima aliyebalehe hupimwa kwanza, na akionekana ana busara ndipo apewapo mali ya babaye. Ikiwa mbuzi na mashamba hayatolewi kwa kubalehe peke yake, itakuwaje maisha ya mtu yatolewe? Na sisi Wakristo twasoma katika Injili ya Luka ya kuwa Yesu, akiwa na miaka 12, alibaki hekaluni akiuliza maswali, na wazazi wake wakamtafuta siku tatu kwa huzuni. Walipomwona hawakumwelewa, hata hivyo alirudi nao Nazareti, akaendelea kukua katika kimo na katika hekima. Mwinjili ametaja vyote viwili. Basi na sisi tusitaje kimo tukaacha hekima.

Hata mfano wetu wa ndizi, yapasa tukiri, hautoshi. Ndizi haioni haya, wala haijiulizi kama ni nzuri kuliko ndizi iliyo karibu nayo. Mkulima aweza kuigeuza apendavyo, isilie. Mwana wa mtu hupevuka akijua ya kuwa anapevuka, na akitazamwa na wote. Kwa sababu hiyo hahitaji mkulima wa kumpima kwa kidole tu. Ahitaji mwenzi wa njia.

Kwa hiyo twasema hivi. Msichana aambiwe habari za damu tangu matiti yachomozapo, kabla haijaja, na mtu ampendaye. Na kama mama aona haya, yuko bibi, yuko shangazi, yuko somo. Mvulana aitwe tena na mjomba au baba mdogo baada ya miaka ya jando, sauti yake ianzapo kugeuka, aambiwe yale ambayo hakuweza kuyafahamu alipokuwa mdogo. Shuleni, somo la mwili liwe na ndugu yake, somo la moyo, bila kutishana. Na sisi tuandikao Kiswahili tuache kumwandika mtoto wa miaka 12 au 13 ya kuwa amekuwa mtu mzima kwa kuwa ameona damu au ameota ndevu mbili. Tumwandike kama alivyo: anapevuka. Neno hilo tulirithi kwa wazee wetu, nao walilijua kutoka shambani, mahali ambapo mtu mwenye pupa huonekana upesi, kwa maana hula chakula kichungu.